Jino la Kupandikiza na Subira ya Mfupa

Jino la kupandikiza, ambalo mzizi wake ni parafujo ya titani, halishikwi kwa gundi, bali hushikwa na mfupa wenyewe wa taya, unaoota na kuikumbatia parafujo hiyo kwa muda wa miezi kadhaa. Na ilimu hii tuliipata kwa Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, aliyemtibu mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965.

Basi jino hilo likilegea mapema, sababu aghalabu ni hizi: keekee iliyotoboa pasipo maji ya kutosha, kwani joto la digrii 47 kwa dakika moja tu huudhuru mfupa, vijidudu vilivyoingia jerahani, tumbaku, ipunguzayo damu ya ufizi, kisukari kisichodhibitiwa, au mgonjwa mwenyewe kutafuna muwa upande ule ule kabla ya wakati, hata parafujo ikatikisika, na mahali pa mfupa pakaota nyama laini isiyo na nguvu.

Kwa hiyo, ewe msikilizaji, ukiona maumivu yazidi badala ya kupungua, au usaha, au jino lacheza ukiligusa kwa ulimi, rejea kwa tabibu wako pasipo kukawia; na sigara uiache, kwa kuwa mfupa, mithili ya mche mchanga, wahitaji utulivu ndipo ushike.