Kichwa Kuuma Baada ya Upasuaji: Dawa ya Usingizi Ina Lawama Gani?

Mazungumzo ya afya kwa wakazi wa Kaunti ya Taita Taveta



Chukueni mfano wa mama wa Maungu aliyejifungua kwa upasuaji. Siku ya tatu mtoto ananyonya vizuri na kidonda kinapona, lakini kila mama akiketi, kichwa kinamgonga. Akilala, kinatulia. Majirani wanamwambia ni ile sindano ya mgongo, na kwamba ataumwa hivyo maisha yake yote. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu ya pili si kweli, na ndiyo inayowatia watu hofu ya kwenda hospitali.

Mgonjwa wa upasuaji hulazwa kabisa kwa nusukaputi, au hutiwa ganzi kwenye uti wa mgongo akabaki macho. Sindano ya ganzi hutoboa utando unaohifadhi maji ya uti wa mgongo. Tundu lisipoziba upesi, maji huvuja, na kichwa huuma mtu akiinuka. Daktari Mjerumani August Bier alijifanyia jaribio la sindano hiyo mwaka wa 1898, naye akaumwa kichwa kwa siku kadhaa. Sindano za leo ni nyembamba, na zenye ncha kama ya penseli zimepunguza sana tatizo hilo. Kwa wengi maumivu huisha ndani ya wiki moja au mbili. Yakizidi, madaktari wanaweza kuchukua damu kidogo ya mgonjwa mwenyewe na kuidunga mgongoni ili izibe tundu.

Mbona basi kina mama wote wasilazwe kwa nusukaputi? Kwa sababu mjamzito akilala kabisa, chakula kinaweza kupanda kutoka tumboni kikaingia mapafuni, na kumpitishia mpira wa hewa ni kazi ngumu zaidi. Kwa kina mama wengi, ganzi ndiyo salama zaidi. Lakini anayevuja damu nyingi, au ambaye damu yake haigandi vizuri, huenda akahitaji nusukaputi.

Nusukaputi nayo haikosi maumivu ya kichwa. Dawa za kuvuta kwa pumzi, kama halothani na isoflurani, hupanua mishipa ya damu ya ubongo. Propofoli, inayopitia mshipa wa mkono, hupunguza damu inayopita ubongoni na pia hupunguza kichefuchefu. Hata hivyo, si kila maumivu ni ya dawa. Mtu amefunga tangu usiku, ana njaa na kiu. Kama amezoea vikombe vitatu vya chai kila siku, kukosa kafeni ya chai kwatosha kumuuma kichwa.

Kwa hivyo, kabla ya upasuaji, fuata saa za kufunga ulizopewa na hospitali. Kwa kawaida chakula na chai ya maziwa huachwa saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 kabla. Mweleze mtaalamu wa nusukaputi kama una kipandauso, presha au mzio, au kama wewe au jamaa yako aliwahi kupata shida na dawa ya usingizi. Uliza utapewa dawa gani na kwa nini. Ni haki yako.

Baada ya upasuaji, kunywa maji ya kutosha na usinyamaze. Kichwa kikiuma pamoja na homa, shingo kukakamaa, macho kuona ukungu, degedege au upande mmoja wa mwili kulegea, nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Kwa aliyejifungua, hiyo yaweza kuwa presha ya uzazi, ambayo hupanda hata siku nyingi baada ya mtoto kuzaliwa. Mkazi wa Kasighau au Sagalla asingoje gari la kesho: apige simu kwa mhudumu wa afya wa kijiji asaidiwe kufika Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi. Wa milimani wana Wesu, na wa Taveta na Mwatate wana hospitali zao.

Mama wa Maungu naye asiambiwe avumilie. Apelekwe akapimwe presha leo, kisha aelezwe kwamba maumivu ya sindano yana mwisho.