Habari Iliyonyamaziwa: Nani Atamuuliza Mhariri?



Upendeleo wa vyombo vya habari tumezoea kuutafuta katika kilichochapishwa: kichwa cha habari kilichotiwa chumvi, picha ya mgombea mmoja ukurasa wa kwanza na ya mpinzani wake jirani na matangazo ya tanzia. Huo upo, na mwanafunzi wa mwaka wa pili akipewa rula na magazeti ya mwezi mmoja ataupima vizuri tu. Mimi jioni hii nina shida na upendeleo usiofikiwa na rula: habari iliyojulikana ndani ya chumba cha habari, ikanyamaziwa, na msomaji asielezwe sababu.

Tuchukue Kenya, uchaguzi wa 9 Agosti 2022. Tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka kwenye tovuti yake Fomu 34A, yaani fomu za matokeo kutoka vituo zaidi ya 46,000, aliyetaka akajisomee. Vyombo vikubwa vya Nairobi vikaanza kujumlisha, kila kimoja kivyake. Muda si mrefu runinga hii ikawa inamwonyesha Raila Odinga mbele, ile ikimwonyesha William Ruto. Hapakuwa na muujiza: kila chumba cha habari kilianza na fomu za maeneo yake. Lakini maelezo hayo mepesi hayakupewa nafasi waliyopewa wagombea na namba zao. Kisha, hesabu ilipokaribia ukingoni, namba zikaanza kuchechemea, zikasimama.

Zilisimama wakati mbaya kuliko wakati wote. Tarehe 15 Agosti, mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, alimtangaza Ruto mshindi kwa kura 7,176,141, asilimia 50.49, dhidi ya 6,942,930 za Raila. Makamishna 4 kati ya 7 walikuwa wameyakana matokeo hayo mbele ya kamera. Tume imepasuka katikati, na mwananchi anatazama runinga iliyokuwa ikimhesabia kura juzi, leo haina jumla kamili ya kumpa. Mahakama ya Juu iliuthibitisha ushindi wa Ruto tarehe 5 Septemba, kwa hiyo silalamiki kwamba ukweli ulifichwa ukapotea. Nalalamikia zile siku za katikati, ambapo waliokuwa na fomu mkononi waliwaachia uwanja watunga namba wa mitandaoni.

Simdharau mhariri aliyesimamisha hesabu kwa kuogopa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100, na redio za lugha za makabila zilinyooshewa kidole. Mtangazaji mmoja, Joshua arap Sang, alifikishwa The Hague, na kesi yake ikakatishwa mwaka 2016 kwa upungufu wa ushahidi. Tarehe 3 Januari 2008 magazeti makubwa yalitoka na kichwa cha habari kimoja cha kuiombea nchi, na kwa saa ile nadhani yalifanya vyema. Ila tangu hapo amani imepewa kiti cha mhariri mkuu. Mwaka 2013 mitambo ya kupeleka matokeo ilikwama, na maswali makali yakaulizwa kwa sauti ya chini. Tena, woga huo una mwenzake asiyetajwa sana, nao ni matangazo ya serikali: anayeyalipia, na mara nyingi kwa kuchelewa, hahitaji kupiga simu ili asikike.

Je, nani atamwajibisha aliyenyamaza? Baraza la Habari Tanzania hupokea malalamiko juu ya kilichotoka. Baraza la Kenya vivyo hivyo. Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya mwaka 2016, ambayo Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha iliona mwaka 2019 kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, nayo humngoja aliyeandika. Gazeti la Mawio lilifungiwa miezi 24 mwaka 2017 kwa lililochapisha. Gazeti lililofungiwa kwa kunyamaza sijalisikia, wala siombi lifungiwe.

Ninachokitaka ni mhariri wa umma, mtu anayelipwa na chombo lakini anayemsikiliza msomaji. Nation ya Nairobi inaye wake. New York Times ilikuwa naye tangu 2003, ikamwondoa mwaka 2017 kwa hoja kwamba wasomaji wa mitandaoni wataifanya kazi hiyo. Hoja dhaifu. Umati hupigia kelele ulichokiona. Kilichobaki kwenye droo ya mhariri haukijui. Cha droo kinamhitaji mtu mwenye ufunguo wa chumba cha habari na mkataba unaomlinda asifukuzwe kwa kuuliza.

Wakenya watarudi kituoni Agosti 2027. Wahariri mliomo humu, tangazeni mapema mtajumlisha vipi, mtaanza na fomu zipi, na nani mwenye mamlaka ya kusimamisha hesabu. Na mkiisimamisha, semeni saa ileile, kwenye skrini ileile, ni nani aliyeamua na kwa sababu gani.