Waifai ya Chuo: Ahadi Iwe na Namba

Kutoka Ibadakuli hadi Kizumbi mjini Shinyanga, iliko taasisi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, si mbali. Lakini intaneti inayotumika Shinyanga husafiri hadi pwani, ambako mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009. Katikati kuna nyaya, mitambo na umeme. Kimoja kikiyumba, mwanafunzi hubaki akitazama duara likizunguka kwenye skrini.

Ndiyo maana chuo chochote kinapaswa kutamka ahadi yake kwa namba.

Chukua mfano wa hesabu. Chuo kinasema mtandao utapatikana kwa asilimia 99. Kwa mwezi wa siku 30 wenye saa 720, bado unaweza kukatika saa 7 na dakika 12 bila ahadi kuvunjwa. Je, kama ni usiku wa kuwasilisha kazi?

Kasi nayo hugawanywa. Megabiti 100 kwa sekunde zikitumiwa na wanafunzi 500 kwa pamoja, kila mmoja hupata megabiti 0.2. Kitini cha megabaiti 5 kitachukua zaidi ya dakika 3 kupakuliwa.

Ahadi nzuri hutaja pia saa za dawati la msaada, muda wa kujibu na muda wa kutengeneza, kwani kujibiwa si kutengenezewa.

Mwanafunzi, unaporipoti tatizo, taja jengo, saa na kifaa, kisha omba namba ya kumbukumbu na uitunze.