KURUDI KWENYE TENISI YA MEZA BAADA YA UMRI WA MIAKA 40
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Isiolo)



Twawashukuru kwa kutupa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo wengine wenu mlilicheka. Sisi ni wanachama wachache tuliopita umri wa miaka 40, nasi tumerudi katika mashindano ya tenisi ya meza. Mlituona tukienda ukumbini jioni na raketi kwapani, mkasema wazee wamerudia utoto. Hatukukasirika. Lakini leo twataka kuwaeleza kwa nini tulirudi, tuliyoyakuta huko, na kwa nini jambo hili lakihusu chama.

Wengi wetu tuliujua mchezo huu shuleni, juu ya madawati yaliyounganishwa, na wavu wetu ulikuwa safu ya matofali. Kisha tukapata kazi. Wengine wakawa madereva wa njia ya Moyale, wengine makarani, wengine wauguzi. Tukalea watoto, na raketi zikatupwa juu ya kabati. Aliyetuamsha ni mwenzetu mmoja ambaye daktari alimpima akamwambia kwamba shinikizo la damu yake limepanda, na kwamba kukaa kitini kutwa hakumfai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima autumikishe mwili kwa dakika 150 mpaka 300 kila wiki. Mwenzetu akauliza, "Nitakimbia wapi katika jua hili?" Tukamjibu: ukumbini, kivulini. Tena ndani ni lazima, maana mpira wa gramu 2.7 upepo wa Isiolo hauuachi mezani.

Tukafanya mazoezi majuma machache, tukajiandikisha kushindana na vijana. Ndugu zangu, tulipigwa. Mmoja wetu alishindwa kwa 11 kwa 3, naye alikuwa bingwa wa shule yake. Tulirudi nyumbani kimya kimya, na wawili walisema hawatarudi tena. Haya ilitushinda kuliko vijana wenyewe.

Tulipokaa na kufikiri tuliona kosa letu. Tulikuwa tukicheza mchezo wa zamani. Siku zetu seti ilikwisha kwa pointi 21, na kila mchezaji aliuanzisha mpira mara tano mfululizo. Tangu 2001 seti ni pointi 11, na kuanzisha ni mara mbili mbili. Zamani ulikuwa na nafasi ya kupata joto na kumfuata aliyekutangulia. Sasa ukisinzia kidogo, seti imekwisha. Mpira nao ulikuwa wa milimita 38. Mwaka 2000 ukafanywa milimita 40, na tangu 2014 ule wa seluloidi ukaanza kuuacha uwanja kwa wa plastiki. Tena tangu 2002 huruhusiwi kuuficha mpira kwa mkono au mwili unapouanzisha: sharti mpinzani auone, na sharti urushwe juu angalau sentimita 16. Zile hila zetu za zamani sasa ni makosa. Mgeni aliyekaa safarini miaka 20 hana budi kuuliza habari za mji kabla ya kutoa amri.

Basi tukawaomba wale vijana waliotushinda watufundishe. Hilo lilikuwa gumu kuliko mazoezi yote. Lakini walikubali kwa heshima, wakituita mzee na mama huku wakitusahihisha miguu.

Tulijifunza pia kwamba mwili haudanganyiki. Mwenzetu mmoja alirukia mpira bila kupasha viungo moto, msuli wa mguu ukamvuta, akachechemea wiki tatu. Sasa twaanza polepole kwa robo saa, na mwenye ugonjwa humwuliza daktari kwanza. Nguvu za kijana hatuna. Tuna subira, tuna jicho la kuona mpinzani amesimama wapi, na mkono wa kuuweka mpira pale asipopafikia. Mpira huu mkubwa hupoteza kasi kidogo, jambo ambalo halimdhuru mzee.

Na tusidhani kuwa ni sisi peke yetu. Bibi Zeng Zhiying aliichezea China ujanani. Sheria ya raketi kuwa na rangi mbili ilimvurugia uchezaji wake, akaacha. Mwaka 1989 alihamia Chile, baadaye akafanya biashara ya samani. Wakati wa ugonjwa wa Korona alishika tena raketi, na mwaka 2024 aliichezea Chile katika Olimpiki ya Paris, akiwa na umri wa miaka 58. Alishindwa mchezo wake wa kwanza, seti 4 kwa 1. Lakini alifika. Nasi twajua sasa kwamba kushindwa si sababu ya kukaa nyumbani.

Sasa tuje kwenye chama. Mwaka 1956 Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo namba 102 juu ya huduma za wafanyakazi, na mahali pa michezo pametajwa humo. Lasema pia kwamba mfanyakazi asilazimishwe kushiriki. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Lakini mapumziko bila mahali ni nusu ya mapumziko. Sisi tunajua mahali pa kazi ambapo meza ya tenisi ipo, nayo imegeuzwa ya kuwekea mafaili.

Twaomba halmashauri mambo matatu. Kwanza, iwaombe waajiri meza hizo zifunguliwe jioni mbili kwa juma. Pili, zipangwe saa ambazo akina mama wataweza kufika, si saa za wanaume tu. Tatu, vijana na wazee wacheze pamoja, kwa maana tumeona kwamba kijana aliyemfundisha mzee kuanzisha mpira hasiti baadaye kumwuliza mambo ya kazi na ya chama.

Yule mwenzetu aliyeshindwa 11 kwa 3 alicheza tena na kijana yule yule mwezi uliopita. Alishindwa 11 kwa 9. Amejiandikisha tena.

Umoja ni nguvu.