Kuiga Mawimbi ya Kifaa kwenye Kompyuta: Jukumu la Wahandisi wa Meru na Embu

Mada hii inatetea hoja moja: kifaa cha elektroniki kinachobuniwa au kuunganishwa Meru na Embu kiigwe kwanza kwenye kompyuta, ili mawimbi ya sumakuumeme kinayoyatoa bila kukusudiwa yajulikane kabla hakijamfikia mteja. Wanaoumia ni wasikilizaji wa redio. Muuga FM hutangaza kwa Kimeru na Wimwaro FM kwa Kiembu, katika bendi ya megahezi 87.5 hadi 108. Mbali na mnara, kwenye nyanda kavu za Mbeere au palipokingwa na milima kama ya Nyambene, mawimbi hayo hufika yakiwa hafifu. Chaja ya sola au balbu ya LED isiyo na kichujio yatosha kuyafunika, na mwenye nyumba akailaumu redio yake, ilhali kosa liko ukutani.

Tuitazame hiyo chaja kwa karibu. Transista yake huweza kuwasha na kukata umeme mara 100,000 kwa sekunde, na kila mara volti inapopanda ghafla huzaa masafa mengi yaliyo juu zaidi. Ikipanda kwa nanosekunde 20, nguvu ya masafa hayo huanza kushuka kwa kasi yanapopita megahezi 16 hivi. Muda huo ukifanywa nanosekunde 40, kwa kuongeza kizuizi kidogo cha umeme kwenye geti ya transista, masafa ya juu hupungua kwa takriban nusu. Gharama yake ni transista kupata joto zaidi kidogo. Waya zinazopanda paani kwenye paneli nazo hugeuka antena. Mkondo wa mikroampia 5 tu, wa megahezi 100, ukielekea upande mmoja katika waya wa mita 1, waweza kutoa takriban mikrovolti 60 kwa mita ukipimwa umbali wa mita 10, ardhi inapoakisi mawimbi. Kiwango cha CISPR 32, kinachohusu vifaa kama televisheni na kompyuta za nyumbani, huruhusu mikrovolti 32 hivi kwa mita, kwa umbali huo huo.

Hesabu za namna hii hazihitaji maabara ya mamilioni. Programu ya SPICE, ya kuiga saketi, ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973. Mbinu ya Yee ya kukokotoa mawimbi angani ilichapishwa mwaka 1966. Leo LTspice na openEMS, programu zinazotumia mbinu hizo mbili, zinapatikana bila malipo, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru, au wa Chuo Kikuu cha Embu, anaweza kuzitumia kwenye kompyuta ya kawaida.

Wapo watakaosema kwamba kompyuta hudanganya, kwa kuwa kapasita halisi ina sifa za koili ambazo mchoro hauzionyeshi. Ni kweli, na ndiyo maana sifa hizo sharti ziingizwe kwenye mfano, kisha matokeo yalinganishwe na kipimo halisi. Uigaji haufuti kipimo. Humwonyesha mhandisi waya upi apime na kasoro ipi aitafute, asifike kwenye chumba cha majaribio akibahatisha. Wengine watasema vifaa vyetu vingi huagizwa kutoka nje, tayari vikiwa na cheti. Lakini cheti hutolewa kwa kifaa kama kilivyopimwa. Fundi akirefusha waya, akibadilisha chaja au akiondoa kichujio ili kupunguza bei, ametengeneza chombo kingine. Na wanaodhani haya ni starehe ya nchi tajiri wakumbuke kwamba mwenye redio moja ndiye asiye na njia nyingine ya kupata habari mkwaruzo unapoingia.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila mradi wa mwisho wa mwanafunzi wa elektroniki unaotumia swichi za kasi uambatane na uigaji wa mawimbi yake pamoja na kipimo kimoja cha kuuthibitisha. Pili, vyuo hivi viwili vihifadhi pamoja mifano iliyokwisha kuthibitishwa ya chaja, balbu na waya za paani, iwe wazi kwa mafundi wa Maua, Nkubu, Runyenjes na Siakago. Kichujio kilichowekwa kwenye mchoro hugharimu kidogo. Kile kinachotafutwa baada ya kifaa kuuzwa humgharimu jirani asiyekinunua.