Cheni ya Baiskeli Haitanuki

Wiki iliyopita kijana mmoja jirani yangu, muuza mikate, alinigongea mlango asubuhi na mapema, kiwiko kimechubuka na suruali imepasuka gotini. "Shikamoo kaka. Nimeibiwa," akasema. Siku moja kabla alikuwa amenunua cheni mpya. Alfajiri hiyo, akivuka barabara na sanduku la mikate nyuma, alisimama juu ya pedeli ili awahi kupita mbele ya daladala. Cheni ikaruka meno, pedeli ikazama bila uzito, naye akaenda chini na mikate yake. Dereva alifunga breki. Kijana alikuwa na hakika kwamba mwenye duka kamuuzia cheni ya bandia, na alitaka tufuatane kwenda kumfokea.

Nikamwambia, kabla hatujamfokea mtu, tupime.

Kipimo cha cheni ya baiskeli ni kimoja karibu dunia nzima. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Cheni ya namna hii, yenye rola na bushi, ilipewa hataza mwaka 1880 na Hans Renold, Mswisi aliyekuwa na karakana yake Manchester, Uingereza. Watoto wetu wanafundishwa mita shuleni, lakini baiskeli imekataa kabisa kuacha inchi.

Sasa, pingili moja huwezi kuipima ukaona kitu. Cheni ikishachoka vya kutosha kutupwa, kila kiungo kimelika karibu sehemu 7 kati ya 100 za milimita. Jicho gani litaona hilo? Ndiyo maana tunahesabu nafasi 24 kwa pamoja, ili ulaji mdogo mdogo ujumlike. Cheni mpya, nafasi 24 ni inchi 12 kamili. Ikifika inchi 12 na sehemu moja ya 16, inunuliwe nyingine. Wapo wanaosema baiskeli ya gia moja, yenye meno manene, inaweza kusubiri hadi sehemu moja ya 8. Mimi singesubiri, kwa sababu hapo tayari meno yameanza kuharibika.

Tulichukua futi ya chuma ya seremala. Futi ya kitambaa ya fundi cherehani hainifai, inavutika. Hata ile ya chuma usianzie kwenye ndoano yake ya mwanzo, kwa kuwa imetengenezwa icheze kidogo. Anzia kwenye alama ya inchi 1 na uishie kwenye 13. Cheni iwe imekazwa: mtu mmoja akandamize pedeli kwa mkono huku gurudumu la nyuma limezuiwa, nawe upime upande wa juu. Na kama umeanzia ukingo wa kushoto wa pini, malizia ukingo wa kushoto. Ukianzia kushoto ukamalizia kulia, umeongeza unene mzima wa pini na utatupa cheni nzima bure. Mwenye rula ya shule ya sentimita 30 haimtoshi kwa nafasi 24, apime nafasi 20: mpya ni milimita 254, na ikizidi 255 kwa dhahiri imechoka. Vipo pia vipimo vya dukani vinavyochomekwa kati ya rola, lakini vingi vinahesabu hata mchezo wa rola zenyewe, vikaihukumu cheni ambayo bado nzima.

Cheni mpya ya kijana ilisoma inchi 12, bila kuzidi hata unywele. Mwenye duka hakuwa na kosa.

Nikamwomba ile ya zamani. Alikuwa ameitunza, nayo ilizidi karibu robo inchi! Tena akakumbuka kwamba fundi wake alishawahi kuikata pingili mbili kwa sababu ilikuwa inalegea. Hapo ndipo palipo na ugonjwa wenyewe. Watu husema cheni imetanuka. Chuma hakijatanuka. Ni vumbi lililochanganyika na oili likaingia kati ya pini na bushi, likasaga kama msasa. Fundi anapokata inchi moja ili cheni ikaze, ameondoa ulegevu, lakini kila kiungo kilichobaki ni kirefu vilevile. Na cheni ya kawaida ina nafasi zipatazo 112, yaani inchi 56. Ikiwa ulaji peke yake umeilegeza hadi ikatwe inchi nzima, imekwisha kupita kiasi mara tatu. Fundi alikuwa ameshaipima bila kujua.

Kwa muda wote huo meno ya friwili yalikuwa yakijichonga kufuata cheni ndefu, hadi yakapinda kama pezi la papa. Ukiyavalisha cheni mpya yenye nusu inchi sahihi, hayaelewani. Ukiendesha polepole utadhani mambo safi. Ukisimama juu ya pedeli, rola inapanda mgongo wa jino na kuruka. Ukivuka mbele ya daladala, ndivyo hivyo.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akauliza itagharimu nini. Friwili mpya, hilo halikwepeki. Meno ya mbele tuliyatazama, yalikuwa bado yana umbo, yatavumilia. Cheni aliyonunua abaki nayo. Nilimwonya tu asije akauziwa baadaye cheni nyembamba ya baiskeli za gia nyingi: upana wake wa ndani ni sehemu 3 za 32 za inchi, na meno ya baiskeli yake yanahitaji sehemu moja ya 8. Urefu wa nusu inchi ni uleule, kwa hiyo mkononi zinafanana.

Jioni alirudi kuazima futi yangu. Fundi wake, alisema, amekataa kuamini mpaka apime mwenyewe. Mpaka leo hajairudisha.