Waraka wa Dakika Chache

Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mlio nasi, leo tuzungumze juu ya kiumbe ambaye jicho halimwoni: bakteria.

Tumchukue E. coli, anayeishi matumboni mwetu. Maagizo yake yote yamo kwenye DNA. Kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi huyapitia na kuandika nakala, yaani RNA mjumbe, kwa kasi ya herufi kama 40 au 50 kwa sekunde. Na kabla nakala haijamalizika, ribosomu zishaidandia, zinaisoma na kutengeneza protini. Hakuna kungoja!

Je, waraka ukishasomwa huwekwa kabatini? La hasha. Vimeng'enya vingine huukatakata, na herufi zake hutumika kuandika mwengine. Nyaraka nyingi hudumu dakika chache tu. Kwa nini? Kwa sababu hali hubadilika. Sukari ya maziwa ikija na glukosi haipo, E. coli huandika waraka wa kuitumia. Ikiisha, huacha kuandika, na nyaraka zilizobaki hufutika. Lau zingedumu, angepoteza nguvu bure.

Mtaniuliza: haya yatuhusu nini? Sikilizeni. Rifampisini, dawa kubwa ya TB, hukaba polimerasi ya bakteria. Waraka mpya hauandikwi, wa zamani wafutika, naye hufa. Polimerasi yetu binadamu ina umbo jengine, kwa hivyo haikabwi.

Lakini kati ya bakteria wengi hutokea mmoja ambaye polimerasi yake ina badiliko dogo, dawa haimshiki. Ukimeza dawa zote pamoja mpaka mwisho, huyo huuliwa na zile nyengine. Ukikatizakatiza, yeye ndiye hubaki akazaana.

Jirani yetu mmoja aliacha dawa mwezi wa pili. Kikohozi kimekwisha, mwili umerudi, akaona amepona. Ugonjwa uliporudi, rifampisini haikufaa kitu tena. Ikabidi aanze matibabu mengine, marefu na mazito zaidi, na watoto nyumbani wakapimwa wote.

Basi ndugu yangu, kama uko kwenye zile dawa za miezi 6, zimalize. Mkojo ukigeuka rangi ya machungwa usishtuke, ni dawa hiyo. Na habari ya saumu, zungumza na daktari na ustadh wako kwanza. Usijikatie dawa mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.